Shamba Namba Arobaini na Moja

Saa tatu usiku, Tukuyu, mvua haijui kuchoka,
na ramani ya kijiji inatakiwa mkutanoni asubuhi.
Mashamba sitini na matatu.
Kwenye skrini nahesabu sitini na mawili.
Narudia kwa ncha ya kalamu, nikigusa kioo.
Sitini na mawili.

Arobaini na moja halipo.
Ni la mama Gwantwa, mjane, migomba na chai kidogo,
aliyenishikia mwavuli siku ile ya kupima
huku yeye akilowa.

Nafungua faili kwa ndani, kule kusikochorwa,
kwenye maneno matupu na tarakimu.
Lipo!
Jina lake lipo, pembe zake tano zipo,
kila pembe na namba zake mbili.
Basi mbona huonekani, wewe?

Nimeuliza rangi: kijani.
Nimeuliza ukingo: unene wake ni mbili, si sifuri.
Nimeuliza uwazi, maana umbo laweza kuwepo
likawa jepesi kuliko pumzi kwenye dirisha.
Hapana. Ni zito kamili.
Labda limeangukia nje ya karatasi;
kuna mwaka alama moja ya kutoa ilinirushia shule nzima
juu ya ukingo wa ukurasa, nikaitafuta hadi alfajiri.
Nikaupanua ukurasa. Huko nje kweupe tu.
Labda mabano hayakufungwa. Yamefungwa.
Labda mkato. Nikaipekua mikato
kama anayechambua maharage ya mbegu.

Umeme ukakatika. Betri, asilimia kumi na tisa.
Gizani ndipo nikakumbuka jambo la siku ya kwanza darasani,
nililolijua hata nikaacha kulijua:
faili husomwa toka juu kwenda chini,
na aliyeandikwa mwisho ndiye anayelala juu.

Nikalifuta arobaini na mbili. Kwa muda tu,
kidole kikingoja kwenye kitufe cha kurudisha.
Chini yake, kijani, pembe tano,
halikuwa limekwenda popote.

Arobaini na mbili ni la shemeji yake, mzee Ambilikile.
Pembe yake ya tatu inasema 381.
Daftari langu la shambani linasema 318.
Au linasema 381: maji yaliingia kwenye wino,
moja na nane zimekumbatiana
na hakuna anayetaka kumwachia mwenzake.
Mkono wangu? Mkono wa karani aliyenakili?
Kompyuta haina haya, inachora ilichoambiwa.

Ningeweza kusahihisha. Tarakimu mbili, nani angejua?
Sikusahihisha.
Nikapunguza uzito wa yote mawili hadi nusu,
kila moja limwonyeshe lililo chini yake,
na pale yanapopandana kijani kikakolea,
kipande chembamba chenye umbo la jembe lililovunjika mpini.
Asilimia nne. Umeme ukarudi. Nikachapa.

Asubuhi, ofisi ya kijiji, viatu vyote vina tope.
Mzee Ambilikile alitazama ramani, akatazama paa.
Mama Gwantwa hajui kusoma namba.
Akapitisha kidole polepole juu ya karatasi, kutoka kijitoni,
akapanda, akavuka migomba yake, akasimama
kwenye kijani kilichokolea, kwenye ncha yake ya mwisho.
"Hapa," akasema, bila kumtazama mtu.
"Hapa ndipo nilipolowa."