Uyoga wa Tononoka

Ilinyesha siku tatu,
zikavuja nyumba zetu,
vikalowana viatu,
navyo vilikuwa ndani.

Ya nne, jua kutoka,
palepale Tononoka
uyoga uliibuka
nyuma ya goli, nyasini.

Mbaruku akachagua
vitano vilochanua,
kofia akaivua,
kavitia kofiani.

"Mama, tupike mchuzi,
utie tui la nazi!"
Nikasema: "Uchunguzi
kwanza, halafu chunguni."

Kichwa cheupe, kipana,
magamba yametengana,
rangi ya chai ya jana,
na pete yake shingoni.

Kadzo akaja, kacheka:
"Kwetu Rabai twapika
wa kichuguu. Hakika
huu haupo porini."

Nyundo, muuza makaa,
kasimama, kashangaa:
"Tia fedha; iking'aa,
basi, kuleni! Kuleni!"

Hizo hadithi najua,
wangapi zimewaua.
Fedha haijawa pua
ya kunusa sumu ndani.

Ule wa kula, waridi
huwa chini, na huzidi
hadi kahawa. Shahidi
wa huu, basi, ni nani?

Huu, chini, maziwa tu,
hauniambii kitu.
Daftari la mwana wetu
nikachana, hesabuni.

Shina nikaliondosha,
kichwa nikakilalisha,
na bakuli nikashusha;
tukazima feni ndani.

Joto. Na mbu wakaimba.
Mbaruku akaniomba:
"Nifunue?" Nikagomba:
"Lala! Vumbi laja chini."

Alfajiri, kwa adhana,
tukainama kuona:
mistari imebanana,
ya kijani! Ya kijani!

Kama kutu ya birika
la shaba lisosafika.
Kadzo kaja, akashika
kinywa, bila ya utani.

Huu huchafua tumbo.
Si uchawi, wala fumbo:
ni mzuri tu wa umbo,
na jibu li bakulini.

Tukavifukia vyote,
tukanawa maji, sote,
mahamri tukala yote
ya jana, ya kabatini.

Karatasi hakutupa
Mbaruku. Pembeni, hapa,
gundi kidogo kaipa,
ikashika ukutani.

Mduara wa miale
juu ya hesabu zile.
Kaandika: "Huu. Usile."
Kisha: "Tononoka. Juni."