Chafya ya Kumi na Moja

Kuta za Kibokoni ni nene, mawe na chokaa,
lakini chafya zangu zina meno.
Kabla ya adhana nishaanza:
moja, alhamdulillahi.
Mbili. Tatu.
Ng'ambo ya ukuta Maalim Mselem hujibu, yarhamukillah,
kwa sauti ya mtu aliye nusu ndotoni.
Kawaida ni tatu; zikizidi huambiwa, una mafua, basi.
Yeye huzijibu mpaka ya kumi na moja,
kisha namsikia afungua mfereji, atawadha.

Miaka kumi na minne.
Na kazi yangu mie ni bizari!
Marikiti, napima pilipili manga macho yalia,
wateja wadhani nimefiwa.
Leso yangu imeandikwa WACHA WASEME,
nami jina hilo nalipangusia pua.

Hospitali walinipa vidonge vya rangi mbili.
Siku saba pua ikakauka kama pweza wa juani.
Siku ya nane, chafya kumi na tisa.

Zulekha, mwana wa ndugu yangu, yuko maabara Makadara,
akanitia kijiti cha pamba puani nikaona nyota za mchana.
"Shangazi, humu mna vijidudu, na si wote maadui.
Wengine ni walinzi wa tangu zamani,
wamekaa mlangoni, wala makombo,
mgeni mbaya akija hana pa kuketi.
Kwako wamebaki wachache mno."
Mie nina vyumba Majengo, napangisha. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.
Usiku nikaandika nyuma ya karatasi ya hesabu:

    Pua yangu ni kijumba, wapangaji wamejaa,
    wapole wa kila chumba, na wengine wa balaa;
    dawa ikaja kukumba, kibaya na kinofaa:
    mlango wangu mtupu, mwivi ndiye wa kukaa.

Bi Qiu Meilan yuko Bondeni, juu ya duka la viatu.
Kiswahili chake kifupi, hakina salamu ndefu.
Alinishika mkono kwa vidole vitatu,
ametega kichwa kama asikizaye mlangoni pa watu.
"Toa ulimi." Nikautoa, na umri wangu huu.
Akafungua droo: vitumba vya maua vyenye manyoya,
laini kama sikio la paka;
mizizi ya manjano, imekatwa vipande virefu;
na magome, akayavunja mbele yangu.
"Mdalasini huo nauza mie!" nikamwambia. "Tena bei nafuu."
Akacheka mpaka akakaa.
Akasema, "Hii haifukuzi mtu. Hii yatengeneza nyumba."

Nikachemsha kwa sufuria ya kuharibika.
Ladha yake, Mola anisamehe,
ni kama kunywa mlango wa zamani.

Wiki ya tano Zulekha akarudi na kijiti.
"Walinzi wameongezeka, shangazi. Kidogo.
Lakini sisemi ni dawa.
Mvua imenyesha, vumbi la bandarini limelala,
na pua moja si ushahidi."
Nilitaka kumnuna. Nikampakulia wali.

Ijumaa ile niliamka nikangoja.
Hakuna kitu.
Pumzi ikaingia upande wa kulia, ikaingia na wa kushoto,
nayo ikaja na iliki, kutoka mahamri ya nyumba ya nyuma:
iliki, niliyoiuza miaka kumi na minne
bila kukutana nayo.
Nikakaa kitandani naivuta tu, kama mwizi wa harufu.
Adhana ikapita. Mfereji wa jirani haukufunguka.

Jua lishapanda, mlango ukagongwa.
Maalim Mselem, kofia upande, jicho moja halijaamka.
"Mwanamkuu, u mzima?
Nimelala mpaka swala imenipita.
Nimeogopa kuuliza watu."

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa.
Lakini pua ikaniwasha, kwa mbali, upande wa kushoto,
moja tu,
naye akaijibu pale pale kizingitini.