Zamu ya Mwanga

Usiku wa kwanza nilitoka na kipimo shingoni,
daftari kwapani, na Ndelilio, fundi wa manispaa,
kabeba ngazi kama mtu anayekwenda kuiba parachichi.

Tulihesabu nguzo za barabara ya Kiboriloni: sitini na moja.
Kumi na nane zimekufa. Tatu zinakonyeza.
Moja, jirani na mashine ya kusaga,
inawaka mchana kutwa, na giza likiingia
inalala.
Zilizobaki zinamwaga rangi ya chungwa bovu
juu, pembeni, vyumbani mwa watu,
kwenye tumbo la mawingu,
kila mahali isipokuwa chini
palipo na shimo, na mguu.

Wati mia mbili hamsini kila taa.
Niliiandika tarakimu hiyo kwa aibu,
kama ninayeutazama mfongo uliobomoka
ukinywesha mawe.

Mama yangu alikuwa na zamu ya maji, Kirua,
Jumatano, tangu alfajiri hadi jua la utosini.
Alifungua kwa jembe, akaziba kwa gogo la mgomba,
na tone likipita bure alilisindikiza kwa jicho
kama mtoto aliyekosa adabu.
Usanifu niliusomea pale, matopeni.
Chuo kilinipa fomula tu.

Basi nikachora taa yenye kofia,
iliyoinama kama mtu anayetafuta sindano.
Wati arobaini.
Nguzo mita nane, si kumi,
maana matawi ya jakaranda yanaanzia tisa
na sikutaka kuukata mti ili niione njia.
Rangi, si ile nyeupe ya wodini
inayoifanya kila sura iwe na homa;
nilitaka ya ndizi inayoanza kuiva.

Na saa sita usiku, nikaandika kwenye ratiba,
taa zote zishuke hadi robo,
kwani nani yuko barabarani saa hizo hadi kuche?
Niliipenda sana sentensi ile.
Karatasini iliokoa fedha nyingi.

Nani?

Nilirudi saa tisa usiku, bila ngazi, bila Ndelilio,
nikawakuta.
Wanawake wa Mbokomu wanashuka na mikungu kichwani,
mishare, kitarasa, ndizi ng'ombe,
hatua fupi, shingo wima,
barabara wakiisoma kwa nyayo.
Nikamwuliza mmoja, Mama Aisaria,
taa wanaihitaji saa ngapi.
Akautua mkungu. Akanitazama
kama niliyemwuliza njaa huanza lini.

"Ninyi mnawasha watu wakienda kulala," akasema,
"mnazima watu wakiamka.
Mwaka juzi, pale kwenye kalavati, nilianguka.
Ndizi nilizikusanya kwa kupapasa.
Mbili sikuzipata."

"Mbili tu," nikasema, mjinga mimi.

"Mbili. Na jino."

Nikaifuta ratiba hadi karatasi ikachubuka.
Saa sita hadi nane, robo, sawa.
Saa nane zianze kupanda, pole pole,
kama anayefungua mfongo asije akauchimba udongo;
saa tisa kamili, pale kalavati, pawe mchana.
Hesabu ikapanda nayo. Mhasibu akaguna.
Nikamwambia tutaanza kwa kuzima
ile inayowaka mchana.

Siku ya kuwasha hapakuwa na utepe wala hotuba.
Ndelilio alishika ngazi, mimi nikashika pumzi.
Mwanga ukaanguka pale pale nilipouchora,
na juu yake, kwa kuwa hakuna kilichomwagika,
giza likabaki giza,
na Kibo, kwa mwezi ule mwembamba,
ikaonekana hadi kwenye makunyanzi.

Mama Aisaria akapita.
Hakuinua macho kutazama taa.
Alitazama mbele, akavuka kalavati akizungumza na mwenzake
habari za bei ya mbolea.
Hiyo nikaichukua kuwa ndiyo risiti.

Nguzo ya arobaini na nne inakonyeza bado.
Ndelilio anasema ni unyevu.
Kesho tutapanda.