Mapigo Sifuri

Kazi yangu hapa Ujiji ni kuhesabu.
Nyundo inapandishwa, inaachiwa, inadunda,
nami nachora kijiti daftarini.
Kila sentimita kumi na tano napaza sauti: "Hapo!"
na Yowasi anatemea viganja, anashika kamba upya.

Mita tatu: mchanga. Mapigo tisa.
Mita sita: mchanga na changarawe. Kumi na manne.
Mhandisi Ruhaga akaagiza chai.
Kichwani mwake gati lilikwisha simama,
kreni imeinamia saruji ya kwenda Kalemie.

Mita kumi na moja
chuma kilishuka chenyewe.
Hatukuinua nyundo. Kamba ililala mchangani.
Kilizama kwa uzito wake tu,
taratibu, kama mgeni anayekalia
kiti asichokiamini.

Kijiti cha pigo lisilopigwa kinachorwaje?

Tulipofungua bomba udongo ulitoka mweusi,
ukaning'ang'ania kidole gumba.
Ulinuka majani ya miaka ambayo hakuna aliyeihesabu,
mizigo ya mto Luiche, iliyotuliwa hapa
kabla ya ushuru, kabla ya bandari.
Na ndani yake konokono,
mdogo kuliko punje ya mtama, mzima, hana ufa.

"Andika manne," Ruhaga akasema.
"Manne si mengi, Ntahondi. Nani atakwenda kuuliza huko chini?"

Nikatazama ghala la mawese la mzee Kichonge.
Tangu ziwa lilipopanda limeinama upande wa maji,
mlango haufungiki,
usiku anaufunga kwa kamba ya ng'ombe
na kulala nje, mgongo kwenye ukuta,
kana kwamba ndiye anayeushikilia.

Nikaandika sifuri.
Nikaikaza kalamu
hadi ukurasa wa chini nao ukapata duara.

Ruhaga alilisoma daftari muda mrefu
kuliko inavyohitaji tarakimu moja.
Chai yake ilifanya utando.
Kisha, bila kunitazama: "Leteni mabomba mengine."

Kumi na tatu, sifuri.
Kumi na sita, mawili, nayo ya kusitasita.
Jua likahamia upande wa Kongo,
Yowasi akaacha kutania.

Mita ishirini na tatu: tang!
Nyundo ikaruka kama iliyotukanwa.
Hakuna aliyeshangilia. Nguzo zitakuwa ndefu maradufu,
bajeti itarudi Dar es Salaam ikalie kwanza,
na sisi vibarua huenda Jumatatu tusiitwe.

Konokono nimemweka kwenye kiberiti.
Kila nikikitikisa, anagonga.
Pigo moja.