Siagi

Saa tatu asubuhi, Tallinn bado usiku.
Urve Pihlak anavua buti, theluji inayeyuka chini ya meza,
anafungua rasimu palepale alipoiacha:
*Mwasisi ni mtu ambaye*
na baada ya hapo, wiki ya pili sasa, hakuna kitu.

Mwenye wazo? Wazo halipimwi kwenye mizani ya mpakani.
Mwenye mtaji? Huyo ana mlango wake tayari,
na kahawa huletewa.
Mwenye wafanyakazi watano?
Lakini viza ndiyo anayoiomba ili apate pa kuwaajiri.
Kuku na yai wameingia wizarani
na wote wawili wanadaiwa kitambulisho.

Lugha ninayoandikia husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haisemi apone ndani ya miezi mingapi,
wala nani atagonga muhuri kwamba kweli amepona.

Mezani wako saba.
Raivo wa mipaka anaogopa kampuni za karatasi:
kumi na tisa alizikuta zimelala
kwenye sanduku moja la barua, huko Kopli.
Hasemi uongo. Picha anazo.
Wa hazina anataka jedwali.
Wa sheria anataka kwenda nyumbani.

Masharti matatu, na yote wameyakubali:
akiba benki,
barua ya mwekezaji,
wateja wanaolipa.
Ugomvi uko kwenye kiungo, kitu kidogo kama chawa:
yasomwe kwa *na*,
au yasomwe kwa *au*?

Kiestonia huiandika *au* hivi: *või*.
Na *või* ndiyo siagi, neno lilelile.
Ijumaa jioni Urve anaipaka kwenye kifungu cha nne,
nyembamba, mpaka pembeni.
Jumatatu anakuta imekwanguliwa.
Mkate mkavu: na, na, na.

Faili namba mia mbili na kumi na mbili
ni la Dilrukshi Weerakoon, kutoka Kandy.
Ametengeneza kifaa kinachosikiliza mabomba chini ya theluji
na kujua maji yanapovujia.
Wateja: nyumba za ushirika kule Haapsalu, na bafu moja la mvuke.
Mwekezaji: hana.
Akiba: imepungua euro mia nne.
Kwa *au*, anabaki.
Kwa *na*, siku thelathini, na funguo aziache kwa jirani.

Urve halitaji jina lake. Hairuhusiwi.
Anasema tu, "Tuchukulie kuna mtu,"
na Raivo anacheka: "Daima kuna mtu."

Kisha wanafika kwenye kifungu ambacho hakuna anayekipenda,
kile cha kampuni inayokufa.
Maana nyingi hufa, jedwali la hazina linasema hivyo
kwa rangi ya kijivu.
Mwasisi apewe siku ngapi? Thelathini? Sitini?
Kimya. Mtambo wa joto unakohoa ukutani.
"Miezi sita," anasema Raivo.
Wote wanamgeukia.
"Baba alifunga karakana yake Rakvere.
Miezi sita ndipo alipoweza kunyoa ndevu."
Hakuongeza neno.
Wa sheria akaandika *sita*,
na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, na saa imekwenda,
akarudi kifungu cha nne, akakipaka siagi.

Bunge litakisoma Machi. Linaweza kukikwangua tena.

Siku hiyo, Haapsalu, hasi kumi na mbili,
Dilrukshi amepiga magoti uani, visikizi masikioni,
kiganja juu kuwanyamazisha watu.
Mlinzi wa nyumba ameegemea sururu.
"Chimba hapa," anamwambia.
"Una hakika?"
Anafumba macho, anasikiliza tena.
"Hapa. Au hatua moja kushoto."
Mzee anatemea viganja, anainua sururu.