Faili la Chini

Saa mbili asubuhi, Temeke. Mafaili kumi na moja,
pikipiki moja, mafuta ya safari moja.

Tandika: baba kampiga, mtoto kakimbilia kwa shangazi.
Kalala huko. Kesho.
Keko: wiki nzima hajaonekana shuleni. Kalamu ya njano.
Napanga maumivu ya watu
kama karani wa mizigo, na mkono unanisuta.

La chini kabisa, mwandiko wa Bi Siwema,
muuza vitumbua, Yombo, karatasi ina mafuta:
"Mtoto wa jirani alikuwa akilia kila usiku.
Siku hizi halii."

Kisanga, mwenzangu, anasema: afadhali.

Mimi naitazama ile nukta baada ya halii.

Helmeti iko wapi?
Tandika, nivumilie.