Hesabu ya Mabaki

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili,
lugha aliyorudi nayo mume wangu kutoka kambini
pamoja na goti bovu na blanketi la kijivu.
Wifi zangu hawaisomi. Bei zetu zimo salama.

Turyahikayo alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu.
Usiku wa Kabale hauna huruma: ukungu hushuka
toka milimani kama mgeni asiyebisha hodi,
naye, rungu amelipakata, sindano mbili mkononi,
alifuma. Alifunzwa na mamake aliyeugua muda mrefu
na kutaka mtu wa kumshikia uzi.
Alifuma soksi za watoto wa majirani.
Alifuma kofia za birika.
Mara moja alimfumia fulana mbuzi yatima.
Wenzake walimwita Afande Bibi;
akacheka nao, huku akihesabu vitanzi.

Ni mimi niliyelitamka neno "bei".
Mwalimu Kebirungi alisimama mlangoni,
akaigusa sweta ya kijani mgongoni mwa kiti,
akauliza, "Shilingi ngapi?"
Turyahikayo akatazama miguu yake
kama aliyeulizwa umri wa mama mkwe.
Chukua tu: niliyaona maneno yakimjia mdomoni.
Nikayatangulia. "Elfu thelathini na tano."
Mwalimu akatoa. Hakuomba hata kupunguziwa.
Usiku ule hatukulala,
mimi kwa furaha,
yeye sijui kwa nini.

Muhula uliofuata shule ikataka mia na ishirini,
rangi ya damu ya mzee, nembo kifuani.
Nikauza ndama. Mashine ya mtumba ikaja toka Mbarara
juu ya shehena ya matoke.
Nikamwajiri Ninsiima, na mdogo wake wa vifungo.
Chumba cha wageni kikawa kiwanda;
wageni sasa hulala jikoni, na hawakai.
Nikajifunza kwamba uzi hupanda bei kabla ya Januari,
kwamba sweta ya darasa la tano hula gramu mia tatu,
kwamba mdaiwa mtamu wa maneno
ni mchungu wa fedha.
Tumeezeka bati. Goti limetibiwa.
Sisemi kwamba nilikosea.

Ila mashine ina sauti ya mtu anayekemea,
na tangu ije, mume wangu hapigi mluzi.
Sindano zake za mwanzi nilizikuta
zimetegemeza dirisha.

Mwezi wa Mei hesabu ikakataa.
Mabaki, yale mafundo ya mwisho wa kibonge,
huwa tunayauza kwa kilo kwa washona mito.
Yalipungua. Machi, gramu mia mbili. Aprili, mia tatu.
Nikamtazama Ninsiima kwa jicho ambalo si zuri,
Mungu anisamehe.
Nikapima tena. Nikanyamaza.
Nikaamka saa nane usiku.

Alikuwa uani, kwa mwanga wa simu,
blanketi la kambini mabegani,
akifuma kitu.
Si sweta, hakina mikono.
Si shuka, kina kona tano.
Damu ya mzee, kijani cha masista,
buluu ya chekechea, njano sijui ya nani,
zote zimefuatana bila kuulizana.
Hakina kipimo. Hakina mwenyewe.
Na mluzi, mwembamba, ule wa kurudisha ng'ombe,
ulikuwa ukitoka katikati ya meno yake.

Nilirudi kitandani kwa ncha za vidole.
Asubuhi nikafungua daftari, nikaandika:

Mabaki, gramu mia tano. Yametumika.

Kwenye safu ya bei nikachora mstari.
Kisha, katika orodha ya kununua,
chini ya vifungo na mafuta ya mashine,
nikaongeza kibonge kimoja cha rangi ya chungwa,
ambayo hakuna shule hapa inayoivaa.